Sisi Tunaokimbilia Juu

Sisi watu wa Lubero, huko milimani, tukiogopa tunapanda. Hatuulizi mara mbili. Mwaka wa sitini na nne, waasi walipoingia kwetu, mama yangu alinifunga mgongoni nikiwa wa miezi minane, akapanda mpaka ukingo wa juu kabisa, akakaa huko wiki tatu akila viazi vya watu, na mimi ndiye huyu ninayewasimulia. Kwetu aliye juu anamwona anayekuja, na aliye chini anaonwa. Hilo nilikua nalo, wala sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali ambapo si kweli.

Nawaambia mapema ili msinihukumu haraka. Nina mdomo, najua, na nikishashika jambo siliachii. Katembo, mume wangu, husema hakuoa mke, alioa chef, mkubwa wa soko. Lakini siku zile sita za mwezi wa sita, mwaka wa elfu mbili, majeshi mawili ya nchi jirani yalipoamua kupigania Kisangani kana kwamba haina wenyewe, Katembo hakuwepo kunisema. Alikuwa Butembo, upande wa kwetu, kutafuta bidhaa, ndege za uwanja wa Bangboka zimesimama, na mimi niko mtaa wa Kabondo na watoto watatu. Annette alikuwa na miaka tisa, Olga mitano. Muhindo alikuwa wa mwaka mmoja na nusu, mvulana aliyekuja baada ya wasichana, ndiyo maana kwetu akaitwa hivyo. Nilitaka kitu kimoja tu: Katembo akirudi, awakute watatu.

Siku ya kwanza tulishinda chini ya kitanda, nimewazungushia magunia ya maharage ya boutique, duka letu. Asubuhi ya pili bomu lilianguka kwenye parcelle, kiwanja cha tatu kutoka kwetu. Nilitoka kuangalia. Hapakuwa na ukuta uliosimama, na mwenye nyumba alikuwa amekaa barabarani bila viatu, anatazama tu. Nikarudi ndani nikasema, "Bon, tunaondoka."

Nikatoa kamba yangu ya paji. Wanawake wa milimani hatubebi kichwani kama wa huku. Mzigo tunauweka mgongoni, kamba inapita kwenye paji la uso, shingo ndiyo inayofanya kazi. Nilifunga unga, maharage, chumvi, sufuria moja na blanketi mbili. Muhindo nikamfunga kifuani kwa kitenge. Nilikuwa sijamaliza kufunga fundo wakati jirani yangu alipoingia uani.

Jirani yangu anaitwa Viviane, lakini sisi sote tulimwita Mama Déborah, kwa jina la binti yake. Ni mtu wa Yanonge, watu wa mto. Mume wake Hubert ni mvuvi, na pirogue yake, mtumbwi wa kuchonga, hukaa kwenye libongo, gati la mitumbwi.

"Mama Annette, kuya tuende," akaniambia. "Hubert iko na pirogue kwenye libongo, ile ya nyuma ya depo ya zamani. Tunavuka. Dada yake iko na shamba kule ngambo."

"Mimi naenda juu."

"Juu wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Kisangani haina milima. Ina kilima kile kimoja, nyuma ya mashamba ya mihogo, ambacho kwetu tungekiita nundu; hapa wanakiita mulima bila aibu. Mama Déborah alikitazama, akanitazama mimi na mzigo wangu.

"Kule kuko nini? Kuko maji? Kuko mutu ya kwenu?"

"Kuko juu," nikamjibu.

Hakucheka. Akasogea karibu, akaongea taratibu, maana ananijua. "Alors, unipatie hata Olga na Muhindo. Wewe utapanda na Annette. Hawa wadogo batakuchelewesha. Nitawaweka pamoja na Déborah, tutaonana vita ikiisha."

"Batoto yangu haiko samaki," nikasema.

Neno lilinitoka tu. Miaka mitatu mwanamke huyo alikuwa ananiletea mbisi, samaki, kila Ijumaa bila kuombwa, na Muhindo alipopata malaria ni yeye aliyekesha naye, na mimi nikamjibu hivyo mbele ya binti yake. Niliona aibu palepale, lakini sikulirudisha. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa mto. Sijui kuogelea. Katika miaka yangu yote ya Kisangani sikuwahi kuingiza mguu kwenye yale maji, na kila nilipoona mtumbwi umejaa watu, niligeuza njia. Hayo ningeweza kumwambia. Badala yake nikamtukana.

Mama Déborah akafunga kitenge chake upya. "Sawa, mama. Mungu akuchunge," akasema, akamshika Déborah mkono, akaenda zake.

Tukatoka. Barabarani hapakuwa na toleka hata moja, zile baiskeli za kubeba watu ambazo siku nyingine zinakugonga visigino. Kila mtu alikuwa na miguu yake. Watu wengi walikuwa wanaelekea chini, kwenye maji, wamebeba magodoro na kuku. Sisi tulikuwa tunawakata kwa upande. Mzee mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia apite.

Kwenye mashamba ya mihogo nikawasimamisha watoto. Tangu tuje mjini hawakuwahi kupanda kitu chochote kirefu kuliko ngazi za kanisa. Nikaona kama sitawapa kazi ya kufanya wataanza kusikiliza milio, na wakianza kusikiliza hawatatembea.

"Leo tunatembea kama mukaka," nikawaambia. Mukaka ni bibi yao, mama yangu, ambaye mpaka leo anapanda na gunia la viazi akiwa na miaka sabini. "Hatua fupi. Mguu wote chini, hapana vidole. Usiende moja kwa moja, kata kwa upande kama mbuzi. Ukipanda unanyamaza, ukisimama unaongea. Na mtu asikae katikati ya mteremko. Miguu ikipoa haitaki tena."

Olga akakaa.

Huyo ndiye Olga wangu, anakaa hapo mnapomwambia asikae. Nikamwambia mukaka angemwacha. Akasema mukaka ni mzee, hana mbio, atamkuta tu. Annette akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, na bomu zinalia mjini, nikacheka pia. Nikampa Olga kipande cha chumvi alambe, kama tunavyowapa watoto kwetu, nikamwambia kipande cha pili kiko kwenye mti ule pale. Akainuka. Mti baada ya mti, chumvi baada ya chumvi, tukapanda.

Na nitasema ukweli: nilifurahi. Baada ya miaka mitatu ya mji tambarare, mapaja yangu yalikuwa yanafanya kazi yaliyoumbiwa, kamba imekaza kwenye paji, jasho linaingia machoni, na nyuma yangu nasikia miguu ya binti zangu ikikanyaga mguu wote, bila vidole, vizuri kabisa. Annette alikuwa ameanza kukata njia mwenyewe, anamwonyesha mdogo wake wapi pa kukanyaga. Nilijiona nimewapa kitu. Nilijisemea kwamba Katembo angewaona angejivuna.

Tuliposimama kupumua, Annette akauliza, "Mama, juu kabisa tutaona Butembo?"

"Tutaona."

"Na papa?"

"Na papa, kama yuko nje."

Sijui kwa nini nilimdanganya. Nilikuwa nataka afike.

Tulipokaribia juu nilisikia koleo. Mtu anachimba. Nikafikiri ni mwenye shamba, nikafurahi zaidi, nikasema atatupa maji. Nikapiga hatua kumi za mwisho nikiwa nimeinamisha kichwa chini ya kamba, na nilipokiinua nikakuta askari. Walikuwa saba au wanane, wa jeshi moja katika yale mawili. Walikuwa wamechimba mashimo, wamepanga magunia ya udongo, na katikati wamesimamisha bomba la chuma, mdomo unatazama upande wa mji. Pembeni kulikuwa na masanduku ya mbao, mengine yamefunguliwa.

Hakuna aliyeninyooshea bunduki. Hilo ndilo ninalolikumbuka. Walitutazama kama watu wanavyotazama ng'ombe aliyeingia kanisani. Mmoja mwenye ndevu kidogo akaja mbio, ameinama. Kiswahili chake kilikuwa cha upande mwingine, cha kambini.

"Mama, unapeleka wapi hawa watoto?"

"Juu," nikasema. "Kwa usalama."

"Nani alikwambia huku kuna usalama?"

Ningemwambia nini, mama yangu, mwaka wa sitini na nne?

"Wale wenzetu wa upande wa pili wanatafuta kukipiga kilima hiki tangu jana," akasema. "Sisi tukipiga, wao watajibu hapa hapa, si kwingine. Na tunapiga sasa hivi. Shuka. Usirudi kwa njia kubwa, kata kwenye mihogo. Haraka, mama."

Nikaelewa yote kwa mara moja, kama mtu aliyepigwa kofi. Vita ya mama yangu ilikuwa ya mishale na bunduki za zamani, mtu anakufuata kwa miguu, na ukiwa juu unamwona anachoka. Vita hii haikufuati kwa miguu. Hii inatafuta mahali pa juu kwanza. Mimi, kwa mikono yangu, kwa chumvi, nilikuwa nimewaleta watoto wangu kwenye mahali pekee Kisangani palipokuwa panangojwa kupigwa. Nilijichukia. Nilitaka kukaa chini nilie, lakini nilikuwa nimewaambia watoto mwenyewe kwamba mtu hakai.

"Tumefika?" Olga akauliza. "Butembo iko wapi?"

"Imefunga," nikasema. "Tunashuka."

Nikavua kamba. Nikaacha unga, maharage, sufuria, blanketi moja, vyote pale kwenye nyasi za askari. Blanketi ya pili nikaitandika, nikamkalisha Olga ndani, nikafunga pembe, nikapitisha kamba, nikamwinua mgongoni kama gunia. Muhindo kifuani, Olga mgongoni. Annette nikampa pindo la kitenge changu.

"Ukiachia hiyo nguo nitakupiga mbele ya watu," nikamwambia.

"Siachii, mama."

Kushuka ndiko kunakoua magoti, mtu wa mlimani yeyote atakwambia, lakini ndiko tunakokujua. Unakanyaga kwa kisigino, unakaa kidogo nyuma, unaacha uzito ushuke wenyewe bila kuukimbiza. Ukikimbia umeanguka. Nilikuwa na hamu ya kukimbia mpaka meno yanauma, na sikukimbia. Nilikuwa nahesabu kwa sauti, mmoja, wawili, watatu, mmoja, wawili, watatu, nikigusa kichwa cha Muhindo, nikisikia pumzi ya Olga kwenye shingo, nikivutwa na Annette kwenye kiuno. Kama mtu angenisikia angesema nimerukwa na akili.

Bomba la juu likapiga. Kilima chote kikatetemeka chini ya miguu yetu. Likapiga tena, na tena. Tulikuwa tumefika kwenye mihogo majibu yalipokuja. Nilimvuta Annette chini, nikalala juu ya Muhindo kwa viwiko ili nisimponde, na Olga juu yangu, sikuwa na namna ya kumweka chini yangu, alikuwa juu, mgongoni, wazi. Hicho ndicho kitu ambacho mpaka leo kinaniamsha. Udongo na majani vilitumwagikia. Kilichoanguka kilianguka kileleni, pale tulipokuwa tumesimama tukiulizana habari ya Butembo.

Nikanyoosha mkono nyuma nikashika mguu wake. "Olga."

"Nimekaa," akasema. "Ni wewe umenikalisha."

Tukainuka. Sikutazama nyuma kuona kama yule mwenye ndevu alipona. Kutoka pale mpaka mtoni ni saa moja kwa mtu mzima. Sisi tulitembea saa mbili, tukikata mashamba, tukilala kwenye mitaro. Annette alipoteza kiatu kimoja, akavua na kingine, akaendelea. Njia nzima nilijua ninakokwenda na nilijua nitamkuta nani huko, na sijui lipi lilikuwa zito zaidi, Olga au hilo.

Kwenye libongo la nyuma ya depo kulikuwa na watu wengi, wamekaa kwenye matope na mizigo yao. Hubert alikuwa anavusha tangu asubuhi. Alikuwa ndio anapakia, amesimama ndani ya maji mpaka kiunoni, ameshika mtumbwi kwa mkono mmoja, na mke wake alikuwa ameshakaa mbele, Déborah katikati ya magoti yake. Mama Déborah alikuwa amevuka na kurudi naye mara mbili, anawashika watoto wa watu njiani.

Hubert aliponiona hakunisalimia. Akatazama mikono yangu.

"Mama Annette, nyoosha mikono."

Nikanyoosha. Ilikuwa inatetemeka kuanzia mabegani. Kilimani kote mikono haikutetemeka, na pale mbele ya maji ikashindwa kukaa.

"Batoto wapande," akasema Hubert. "Wewe, bado."

"Bado nini?"

"Kwetu mutu anatetemeka hapandi. Ndiyo ule anapinduaka pirogue. Maji ikimugusa kidogo anasimama, anashika wengine, bote wanakufa. Utangoja safari ingine. Ukitulia, nitakupeleka. Haukutulia, nitakuacha."

"Siwaachi watoto wangu."

"Bon. Basi ukae nao hapa." Hakuwa na hasira. Akawageukia wengine waliokuwa nyuma yangu, na mwanamke mmoja tayari alikuwa ananisukuma kwa begi lake.

Nyuma, upande wa mashamba, bomu likalia, karibu kuliko lile la kwanza.

Nikamtazama Mama Déborah. Alikuwa ananitazama tangu nilipofika. Nikaingia kwenye maji. Yakanifika magotini, baridi, matope yananinyonya nyayo, na nikaona jinsi mtumbwi ulivyo mwembamba, ukingo wake na maji vimeachana kwa upana wa kiganja tu. Hubert alikuwa na haki. Mtu kama mimi angewaua wote.

"Mama Déborah," nikasema. "Ile neno ya asubuhi. Nilikosea. Nilikuwa naogopa."

"Nayua," akasema. "Lete mutoto."

Nikamfungua Olga kwanza. Akakaa katikati kama ameshavuka mto huo maisha yake yote, akataka kujua kama kuna chumvi. Annette alipanda mwenyewe, mikono yake ikabaki imekunjwa kama bado imeshika kitenge. "Na wewe, mama?" akaniuliza, na nikamwambia safari ingine, na kwa uso wake nikaona anakumbuka Butembo. Alijua sasa mama yake anaweza kudanganya. Nikamwambia, "Annette, nitakuja. Nitatulia, nitakuja."

Muhindo alinishika ukosi wa blauzi. Nilimfungua kidole kimoja kimoja. Alipiga kelele ambayo sitaieleza. Mama Déborah akamzungusha mgongoni, akamfunga kwa kitenge chake juu ya kilio hicho, mara mbili, akakaza, na Hubert akasukuma.

Nikarudi kukaa kwenye matope. Mtumbwi ulikuwa mdogo, halafu ukawa mdogo zaidi, na katikati ya mto ulikuwa kama kijiti. Sikuwa na mtoto mgongoni, sikuwa na mtoto kifuani, hakuna aliyenivuta kiunoni. Mikono yangu ikawa inaruka yenyewe. Nikaikalia. Nikaiambia kwa Kinande, lugha ya kwetu, kwa maneno ambayo sitayaandika, kwamba nimepanda na kushuka mlima na watoto watatu na haitakuwa mikono itakayonizuia kufika. Watu pembeni yangu walikuwa wanasali kwa sauti. Mimi sikusali, nilikuwa na kazi. Mabomu yalianguka, na kila lilipoanguka moja mikono iliruka, nami nikaanza upya kuituliza, toka mwanzo. Jua lilikuwa limeshavuka kichwa Hubert aliporudi.

Sikungoja aulize. Nilisimama mbele yake nikanyoosha mikono.

Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Panda," akasema.

Nilikaa chini kabisa, kwenye maji machafu ya tumboni mwa mtumbwi, viganja juu ya mapaja. Sikugeuza shingo. Nilipumua kidogo kidogo, nikiogopa hata pumzi isije ikatikisa. Niliuchukia mto ule kila hatua ya kasia, na sikutikisika.

Ng'ambo waliketi chini ya mgomba. Annette alikuja mbio akanishika kiuno. Olga alikuwa anakula lituma ya mtu, mdomo umejaa ndizi za kupondwa. Mama Déborah alikuwa amesimama kwa sababu Muhindo alikuwa amelala mgongoni kwake, na akikaa angeamka. Machozi yalikuwa yamekauka mashavuni mwa Muhindo. Nikanyoosha mikono kumchukua. Akafungua macho, akaniona, mimi mama yake niliyemfungua vidole, akalia, akageuza uso, akauficha kwenye shingo ya Mama Déborah.

Iliniuma. Iliniuma kuliko kilima. Mama Déborah akaanza kulegeza kitenge, amenionea huruma, anasema, "Mupe dakika, atakuzoea, kamata mutoto yako."

"Hapana," nikamwambia. "Mubebe tu."

Shamba la dada yake Hubert lilikuwa mbali kidogo, ndani ya msitu. Mama Déborah alitangulia, nami nikafuata nyuma yake na wasichana wangu mkono huku na mkono huku, nikitazama kichwa cha mwanangu kikilala upande mmoja wa mgongo wake.